Upepo wa Gari la Kasi: Namba Ipi, na Ipimwe Lini

"Niweke ngapi, bosi?" Kila fundi wa pancha huuliza hivyo, Kariakoo au Kirinyaga Road. Mwenye Impreza, Altezza au Mark X iliyovalishwa rimu za inchi 18 hujibu bila kufikiri: "Weka thelathini na tano zote. Au hata arobaini, hii ni gari ya mbio." Fundi anajaza, mshale wa geji ukitetemeka nyuma ya kioo kilichopasuka, na gari linaondoka limekakamaa. Usukani umekuwa mwepesi, gari linaitika upesi, dereva anaona ameongezewa kitu.

Mimi naona amepunguziwa, tena amepunguziwa kile hasa alichokinunulia gari hilo, yaani mshiko. Tairi lililojaa kupita kiasi huvimba katikati, likakanyaga lami kwa eneo dogo zaidi. Gari huruka kwenye viraka vya barabara badala ya kuvifuata, breki za ABS huanza kugonga mapema, na kona yenye kokoto mbili tatu inakuwa ya kuogopa. Wepesi ule wa usukani ndio unaodanganya watu, kwa sababu mikono inahisi ukali kabla tairi halijathibitisha kama linashika.

Gari la kasi halidai upepo mwingi kuliko magari mengine. Linadai upepo uliopangwa kwa uzito wake, saizi ya matairi yake na mgawanyo wa mzigo kati ya mbele na nyuma. Mazda MX-5, gari dogo la viti viwili linalosifiwa dunia nzima kwa kukata kona, katika kizazi chake cha karibuni limepangiwa na kiwanda PSI 29 tu, yaani pauni 29 kwa inchi ya mraba. Toyota GT86 yenye matairi ya 215/45R17 imepangiwa 35, mbele na nyuma. Porsche 911 ya kizazi kinachoitwa 997, ikiwa na rimu za inchi 19, inataka 33 mbele na 39 nyuma. Yote matatu ni magari ya mbio, na hakuna hata namba moja ambayo fundi angeweza kuikisia kwa kulitazama gari tu.

Kwa hiyo anza mlangoni. Fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo ya mlango; kuna kibandiko. Katika baadhi ya magari ya Ulaya kimebandikwa kwenye kifuniko cha tangi la mafuta. Magari mengi tunayoendesha huku yametumika kwanza Japani, na kibandiko chao ni cha Kijapani, jambo linalowafanya wengi wakipite bila kukiangalia. Hakihitaji mkalimani. Tafuta saizi ya tairi, tuseme 215/45R17, kisha fuata mstari wake. Utakuta namba kama 230, na pembeni yake 2.3. Ile 230 ni kilopaskali, na 2.3 ni kilo kwa sentimita ya mraba, jambo lile lile kwa kipimo cha zamani. Kwa kawaida ya mbele hutangulia na ya nyuma hufuata. Gawanya kilopaskali kwa 7, utapata PSI kwa kukosea chini ya moja. Ukitaka namba zilizokwisha kukokotolewa, 220 ni 32, 230 ni 33, 240 ni 35 na 250 ni 36.

Kama gari lilipigwa rangi na kibandiko kikapotea, namba imo kwenye kitabu cha gari, na wenye gari la toleo na saizi hiyo hiyo ya tairi wanayo mlangoni mwao. Mahali pa kutoitafuta ni ubavuni mwa tairi. Pale pameandikwa kitu kama 350 kPa, 51 PSI, na kuna watu huamini hilo ni agizo. Ule ni ukomo ambao mtengenezaji wa tairi anasema usivukwe. Yeye hajui tairi lake litafungwa kwenye gari gani. Tairi lile lile linaweza kwenda kwenye gari la kilo 1,000 na jingine la kilo 1,500, na aliyeyapima magari hayo ni kiwanda cha gari.

Sasa, namba ya mlangoni ni ya tairi lililopoa, na hapa ndipo hesabu za wengi huharibikia. Kupoa maana yake gari limesimama saa tatu au zaidi, au limetembea chini ya kilomita mbili, na halijaanikwa juani upande mmoja. Upepo ndani ya tairi hupanda au kushuka kwa takribani PSI 1 kwa kila nyuzi 6 za joto. Mwendo wa barabara kuu peke yake unaweza kupandisha PSI 4 au zaidi. Ukifika sheli saa nane mchana baada ya kutoka Chalinze, geji ikasoma 37, ukaona imezidi ukapunguza hadi 33, kesho alfajiri tairi lile litakuwa 28 au 29. Hujarekebisha chochote. Umelitoa upepo tairi lililokuwa sawa.

Basi fanya hivi. Nunua geji yako mwenyewe, ya mshale au ya kidijitali, uiweke garini. Geji ya kwenye mpira wa kompresa imeangushwa chini na kukanyagwa mara nyingi mno kwa miaka. Sheli mbili zilizotazamana zinaweza kukupa majibu mawili. Geji yako hata ikikosea kidogo, itakosea vile vile kila siku, na hiyo inakutosha kuona mabadiliko. Pima asubuhi nyumbani, kabla hujawasha gari, uandike. Tuseme tairi la mbele kushoto linasoma 29 na linatakiwa 33. Pungufu ni 4. Ukifika sheli, lipime tena kwa geji yako. Likisoma 32 kwa sababu limepata joto njiani, ongeza zile 4 ulizokosa, lifike 36. Likipoa litarudi kwenye 33. Mwambie kijana wa kompresa kwa upole, "Kaka, ongeza nne tu, nitapima mwenyewe," naye hatakasirika.

Jambo ambalo nataka msomaji alishike kuliko mengine ni tofauti kati ya mbele na nyuma. Kibandiko kikisema 33 mbele na 30 nyuma, si kwamba kiwanda kimesahau kulinganisha. Upepo ni mojawapo ya njia ambazo wahandisi hupanga gari litakavyokaa kwenye kona. Tairi lenye upepo pungufu huyumba zaidi pembeni na huchelewa kuitika. Lenye upepo zaidi huitika haraka. Wakicheza na tofauti hiyo, wanaamua upande upi wa gari uteleze kwanza dereva akizidisha mwendo. Kwa gari la barabarani wanataka mbele itangulie kuteleza, kwa sababu dereva wa kawaida akiona gari linakataa kukunja, huachia mafuta, na gari linarudi. Nyuma ikitangulia, gari linazunguka, na wengi wetu hatuna mikono ya kulizuia.

Historia imetuachia mfano ulio wazi. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilileta sokoni Chevrolet Corvair kwa mwaka wa 1960, gari lenye injini nyuma. Toleo lake la Monza lilipendwa na vijana waliotaka gari la spoti kwa bei nafuu. Uzito mkubwa ulikaa nyuma, na ekseli za nyuma zilikuwa za aina inayobadilisha ulalo wa magurudumu gari likiinuka kwenye kona. Kiwanda kilitegemea upepo kulituliza: PSI 15 mbele na 26 nyuma, matairi yakiwa yamepoa. Tofauti ya 11! Mhudumu wa kituo cha mafuta ambaye hakuambiwa angefanya nini kama si kujaza yote manne sawa, kama alivyofanya kwa kila gari lililotangulia? Na Corvair iliyojazwa sawasawa ilikuwa imeondolewa kinga yake. Ralph Nader aliliweka gari hilo kwenye sura ya kwanza ya kitabu chake cha mwaka 1965, *Unsafe at Any Speed*, na tofauti hiyo ya upepo ilikuwa sehemu ya hoja yake. Baadaye, mwaka 1972, utafiti wa serikali ya Marekani ulisema Corvair haikuwa mbaya kuliko magari ya wakati wake. Mabishano hayo tuwaachie wao. Linalonihusu ni kwamba neno "zote sawa" lililotamkwa pale kwenye kompresa lilibadilisha tabia ya gari zima.

Leo magari yana mifumo bora zaidi, lakini 911 bado inataka PSI 6 zaidi nyuma, na gari lenye injini mbele mara nyingi linataka kidogo zaidi mbele. Kwa hiyo futa kabisa jibu la "thelathini na tano zote". Sema namba mbili, mbele ngapi na nyuma ngapi, na usimame pale hadi fundi amalize.

Je, mwenye gari la kasi hana ruhusa ya kubadilisha chochote? Anayo, kwa hatua ndogo. Kibandiko ni mahali pa kuanzia, na mimi nisingetoka zaidi ya PSI 2 au 3 juu yake kwa gari la barabarani, wala nisingeshuka chini yake hata kidogo. Badilisha PSI 1 kwa wakati mmoja, uendeshe njia unayoijua kwa wiki nzima, kisha uamue. Kama mbele inasukuma nje ya kona mapema mno, jaribu kuongeza 1 mbele kabla hujaanza kununua springi na shokapu. Kama gari linarukaruka kwenye viraka na usukani unatapatapa, umezidisha.

Chaki itakusaidia kuliko maneno. Chora mstari mnene kukata kashata, yaani michoro ya uso wa tairi, kutoka bega moja la tairi hadi jingine, uteremke kidogo ubavuni. Endesha polepole kwenye lami iliyonyooka, mita mia moja hivi, ushuke utazame. Chaki iliyofutika katikati na kubaki mabegani inasema upepo umezidi. Iliyofutika mabegani na kubaki katikati inasema umepungua. Chora tena, zunguka kona kadhaa kwa mwendo wako wa kawaida mahali pasipo na watu, uone imefutika hadi wapi ubavuni. Ikiwa imekwanguliwa mbali chini ya bega, tairi linalala kwenye kona, na hapo upepo zaidi una sababu. Lakini ukiona bega la ndani tu ndilo linaloliwa, tena kwa miezi, usilaumu upepo. Peleka gari likapimwe alaimenti. Magari yaliyoshushwa chini yana ugonjwa huo sana.

Wanaoendesha kwa kasi wana kanuni nyingine ya kuthibitisha. Pima tairi likiwa limepoa, endesha nusu saa barabara kuu, simama salama upime tena. Kupanda kwa PSI 4 hivi ni kawaida. Likipanda 7 au 8, maana yake lilikuwa linajikunja na kujipasha joto kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo lilianza na upepo mdogo. Lisipopanda hata 2, huenda ulilijaza mno. Si sheria ya maabara, na hali ya hewa huibadilisha, ila inakuonyesha uelekeo.

Upepo pungufu una hatari mbili ambazo sitaki kuzipitia haraka. Ya kwanza ni joto. Ubavu unaojikunja mara kumi na zaidi kwa sekunde huzalisha joto ndani ya mpira, na joto likizidi, tabaka za tairi huachana. Ni mara chache tairi kupasuka kwa sababu upepo ni mwingi. Mara nyingi hupasuka kwa sababu ulikuwa mdogo, mzigo ukawa mkubwa, na mwendo ukarefuka. Ya pili ni maji. Watafiti wa NASA katika miaka ya 1960 walipochunguza matairi ya ndege, walipata kanuni inayohusisha upepo na kasi ambayo tairi huanza kuelea juu ya maji. Kwa PSI 33 kanuni hiyo inatoa kilomita 96 kwa saa. Kwa PSI 22 inatoa 78. Tairi la gari lenye kashata nzuri halifuati namba hizo kamili, lakini mwelekeo ni huo huo. Wakati wa masika, PSI chache zilizovuja bila wewe kujua, pamoja na kashata zilizokwisha, zinaweza kuleta tofauti ya kusimama kabla ya daraja au kulipita ukiwa umekaa kando. Tairi kipara halina namba ya upepo inayolifaa.

Kuhusu rimu kubwa, ushauri wangu unabadilika kidogo, kwa sababu kibandiko hakizijui. Piga hesabu ya ubavu kwanza. Tairi la 195/65R15 lina ubavu wa milimita 127. La 225/40R18 lina 90. Zile milimita 37 zilizoondoka ndizo zilizokuwa zikimeza shimo kabla ya rimu kugonga. Kisha soma herufi na namba baada ya saizi. Tairi la 225/40R18 lenye 88 linabeba kilo 560. Lenye 92 na herufi XL linabeba kilo 630. Watu huona XL wakadhani ni gumu zaidi kwa hiyo halihitaji upepo. Ni kinyume. XL hufikisha mzigo wake wote likiwa na kilopaskali 290, karibu PSI 42, wakati tairi la kawaida hufikisha wake kwa 250, yaani 36. Kwa upepo ule ule uliokuwa mlangoni, XL halibebi ziada yoyote, na linaweza kubeba pungufu ya tairi lako la asili. Muuza matairi makini ana jedwali la mtengenezaji linaloonyesha mzigo kwa kila upepo, mwombe alifungue. Mara nyingi jibu litakuwa PSI 2 hadi 4 juu ya kibandiko. Na kwa barabara zenye mashimo, usipunguze upepo ili kulainisha gari lenye tairi la ubavu mfupi namna hiyo. Utapinda rimu. Punguza mwendo.

Ukibeba watu wanne na mizigo kwenda kijijini sikukuu, tazama kama kibandiko kina mstari wa pili wa gari lililojaa. Ya Ulaya mengi yanao. Ya Kijapani mara nyingi hayana, na hapo ongeza PSI 2 au 3 nyuma, ukirudi uzitoe.

Swali la mwinuko huulizwa sana na wanaosafiri kati ya Nairobi na Mombasa, au Dar es Salaam na Mbeya. Geji hupima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo tairi lile lile likishuka hadi Mombasa husoma kama PSI 2 na nusu pungufu. Lakini alfajiri ya Mombasa ni ya joto kuliko ya Nairobi kwa nyuzi kumi hivi, na joto hilo hurudisha PSI 1 na nusu. Mwisho wa safari umepungukiwa na 1 tu. Hilo halina shida, ila kama ulijaza Nairobi mchana, matairi yakiwa ya moto, ukasimamia kwenye 33, ulikuwa na 28 za kweli kabla hujaondoka, na baharini utaamka na 27, huku umekwisha kwenda kilomita karibu 500 kwa mwendo wa barabara kuu. Kosa la kupima matairi ya moto lina uzito kuliko mlima.

Wanaopeleka magari yao kwenye mashindano hupunguza upepo kabla ya kuanza, kwa sababu tairi litapanda joto sana baada ya mizunguko michache nao wanataka lifike kwenye namba fulani likiwa la moto. Afrika Mashariki tuna mapenzi ya Subaru yaliyokolezwa na Safari Rally, Colin McRae aliposhinda na Impreza mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, na bado kuna vijana wanaoiga mipangilio ya mashindano kwenye barabara ya kwenda kazini. Timu hizo zilikuwa na matairi ya kazi hiyo na mafundi wa kuyapima kila kituo. Ukienda kiwanjani, sawa; kabla ya kurudi nyumbani rudisha namba ya kibandiko.

Naitrojeni haina madhara, lakini usiilipie kwa matumaini makubwa. Hewa ya kompresa tayari ina asilimia 78 ya naitrojeni. Faida yake ni ukavu na kuvuja taratibu zaidi, faida ambayo geji yako na dakika tano kila baada ya wiki mbili zinaifikia. Wala usiisubiri taa ya dashibodi ya mfumo unaopima upepo. Sheria ya Marekani inautaka mfumo huo uonye upepo ukipungua kwa asilimia 25. Kwa tairi la PSI 33, taa inaweza isiwake hadi ubaki na 25 hivi. Kwa gari linaloendeshwa haraka, hapo umekwisha kuchelewa. Kagua pia vifuniko vya valvu. Ni vidogo, hupotea pale pale kwenye kompresa, na vumbi linaloingia huanza kuvujisha upepo kidogo kidogo.

Halafu fungua buti. Lile tairi jembamba la akiba linalokuja na magari mengi ya Kijapani linataka kilopaskali 420, yaani PSI 60, na imeandikwa ubavuni mwake. Kwa tairi hilo ubavu ndio wa kusomwa. Likikaa miaka bila kupimwa hushuka hadi 20 au 30, na utaligundua usiku kando ya barabara. Lijaze leo, na ukilifunga usizidi kilomita 80 kwa saa wala usilitumie muda mrefu kwenye ekseli inayosukuma gari.